Puge kwa Macho Kumi na Matatu

Jamani, acheni mnachofanya mnisikilize. Niko Puge, mji mdogo wa barabarani kati ya Nzega na Tabora, mahali ambapo abiria wengi wa basi hupajua kupitia dirishani tu: karanga za kuchemsha, maji ya chupa, gari linaondoka. Jana usiku umeme ulikuwepo na mtandao ulitulia. Nikafungua kompyuta mpakato, nikaiunganisha na simu, nikaingia kwenye kivinjari cha Copernicus, tovuti ya picha za setilaiti, nikaandika herufi nne kwenye kisanduku cha kutafutia. P, u, g, e. Nikabonyeza.

Nchi ikafunguka mbele yangu, na hadi jogoo wa kwanza anawika sikuwa nimelala.

Picha ilikuwa ya siku tatu tu nyuma. Lami imepita katikati kama uzi wa kijivu. Mabati yanametameta. Majabali ya itale yamechomoza hapa na pale kama migongo ya viboko mtoni. Na kati ya miinuko, mikanda mipana ya rangi ya moshi inajipinda, inagawanyika, inakutana tena, mithili ya mishipa kwenye mkono wa mkulima: mbuga zetu! Nimepita njia hii mara nyingi nikiamini nchi ni tambarare, haina cha kutazamwa mpaka Tabora. Kumbe ina umbo na mpangilio, na kila kitu kimekaa mahali pake kwa sababu.

Asiyekijua chombo chenyewe nimweleze upesi. Picha hizi hutoka Sentinel-2, ambazo ni setilaiti za Umoja wa Ulaya na Shirika la Anga za Juu la Ulaya. Ya kwanza ilirushwa Juni 2015, ya pili Machi 2017, ya tatu Septemba 2024. Zinazunguka dunia kilomita 786 juu yetu, zikikatiza kwenye ncha zote mbili, na hupita huku kwetu saa tano na dakika kadhaa asubuhi. Kila siku ya tano, mahali palepale hupigwa picha tena. Kila nukta ya picha, yaani pikseli, kwa rangi zilizo safi zaidi, ni mita 10 kwa mita 10. Shamba la ekari moja ni pikseli 40. Arobaini! Na kivinjari, picha, kumbukumbu zote tangu 2015, vyote ni bure kabisa, kwa mwanafunzi wa Puge sawasawa na kwa profesa wa Paris.

Nikumbushe kidogo tulikotoka. Julai 1858 mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke aliondoka Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, akaelekea kaskazini kutafuta ziwa kubwa ambalo wafanyabiashara wa misafara walikuwa wakilitaja siku nyingi. Alilifikia ziwa hilo, Nyanza, Agosti 3. Urefu wa nchi kutoka usawa wa bahari aliupima kwa kuchemsha maji na kusoma kipimajoto, maana kadiri unavyopanda ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo zaidi. Umbali ulipimwa kwa miguu ya wapagazi. Safari ile ya karibu siku 25, setilaiti inaivuka kwa muda usiofika dakika moja, na hairudi mikono mitupu.

Sasa nifike kwenye kilichonikosesha usingizi. Sentinel-2 ina macho 13. Macho yetu wanadamu yanaishia kwenye rangi nyekundu. Ya setilaiti yanaendelea mbele, kwenye miale ya infraredi, ambako majani, maji na udongo vinasema mambo ambayo kwetu vinayaficha. Upande mmoja wa kivinjari kuna orodha ya mitazamo iliyoandaliwa tayari. Nikaacha rangi za kawaida, nikachagua ule unaotumia mawimbi ya mbali zaidi ya infraredi. Puge ikageuka! Misitu ya miombo ikawa kijani kibichi, mashamba yaliyovunwa yakawa ya waridi na kahawia, na zile mbuga zikajichora kwa ncha kali kana kwamba mtu amezipitia kwa kalamu ya risasi.

Asubuhi sikuweza kukaa na jambo hili peke yangu. Jirani ya nilikofikia anaishi mzee mmoja, mkulima wa mpunga na karanga. Nikabeba kompyuta hadi chini ya mwembe wake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umebeba nini hicho?"

"Ni hapa hapa, babu. Puge, imeonwa kutoka juu."

Akasogeza kigoda. Akatafuta barabara kwanza, akaipata, akatafuta njia ya kwake, akaipata. Kisha akaanza kusoma. Nasema kusoma, kwa sababu ndicho alichokifanya, kidole chake kikitembea kwenye kioo kutoka juu kwenda chini.

"Hapa kwenye mawe, panapong'aa, ni luseni. Mchanga mtupu, panda karanga, panda mihogo. Hapa chini yake ni isanga. Hapa, unaona palivyo peupe kama pamepigwa lipu? Ibambasi. Usilime hapo, jembe litadunda. Na hii nyeusi ni mbuga, hii ndiyo ya mpunga."

Sikuwa nimemwambia neno juu ya udongo. Hakujua infraredi ni nini, wala hakuuliza. Alitaja aina nne za udongo kwa majina ambayo Wasukuma na Wanyamwezi wameyatumia vizazi na vizazi, na kila jina likaangukia kwenye rangi yake pale pale kwenye kioo. Nywele zilinisimama.

Elimu ya udongo ya dunia nzima inadaiwa na miteremko ya namna hii. Mnamo 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani, kule Usambara, aliupa mpangilio huu wa udongo jina la katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Aliupata kwa kuitazama ardhi ya Afrika Mashariki: kutoka kilele cha mwinuko hadi bondeni, udongo hubadilika hatua kwa hatua, na mabadiliko yaleyale hujirudia mwinuko baada ya mwinuko. Mvua huosha chembe laini kutoka juu na kuzishusha chini. Juu hubaki mchanga mzito wa itale iliyooza. Chini hulundikana mfinyanzi mweusi unaovimba kwa maji na kupasuka kwa jua. Leo kila anayesomea udongo popote duniani hujifunza neno katena. Na mzee wangu wa Puge alikuwa nalo lote mdomoni, kwa lugha yake, bila kuhitaji Kilatini.

Kwa nini setilaiti inauona mpangilio huu? Kwa sababu kila kitu hula mwanga wake na kutema mwingine. Maji humeza mawimbi yale ya mbali ya infraredi karibu yote, na mfinyanzi wa mbuga hushika maji muda mrefu baada ya mvua kukatika. Ndiyo maana mbuga hutokea yenye giza. Mchanga wa luseni, ambao ni kwazi kwa wingi, hurudisha mwanga mwingi kwa kila jicho. Moramu nyekundu imejaa chuma, na chuma hicho humeza buluu na kurudisha nyekundu. Gawanya jicho la nyekundu kwa jicho la buluu, kila penye chuma panawaka. Nilijaribu, na machimbo ya moramu kando ya barabara yakatokea moja baada ya jingine, kama makaa.

Na hayo, ukiacha ya mzee, yalikuwa ya saa mbili za mwanzo za usiku ule tu.

Mahali ambapo nilishindwa kabisa kujizuia ni kwenye wakati. Unaweza kurudi nyuma! Ndani ya kivinjari kuna kitufe cha kuunganisha picha za tarehe tofauti zikawa filamu fupi. Nikapanda kaskazini hadi sehemu za Nzega linakopita bomba la mafuta ghafi, lile la kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, Tanga. Mkuza wake una upana wa mita 30. Yaani pikseli 3. Ndivyo unavyouona: mstari mwembamba ulionyooka, unaojichora juu ya mashamba, halafu pembeni yake ile karakana kubwa ya Sojo, iliyozinduliwa Machi 2024, ambako mabomba yalivishwa koti la kuhifadhi joto kabla ya kwenda kufukiwa. Picha za awali ni pori na mashamba. Za baadaye ni mji wa mabomba. Hakuna taarifa ya habari iliyowahi kunionyesha ukubwa wa kazi ile kama sekunde nane za filamu hii isiyo na sauti.

Kwa miaka ya nyuma zaidi nilihamia kwenye hazina ya Landsat ya Wamarekani. Landsat ya kwanza ilirushwa Julai 23, 1972, na tangu 2008 hazina yote imefunguliwa bure. Hapo nikaenda Lusu, penye mgodi wa Golden Pride, mgodi mkubwa wa kwanza wa dhahabu wa kisasa nchini, uliotoa dhahabu yake ya kwanza Novemba 1998 na kumaliza uchimbaji 2013. Kwenye picha za mwanzo hakuna shimo. Baadaye kuna kovu dogo jeupe. Kisha shimo lenye ngazi ngazi, na vilima vya mawe taka ambavyo Mungu hakuviumba vikianza kutupa vivuli. Maisha mazima ya mgodi, tangu kuzaliwa hadi kufungwa, umeyashika kiganjani. Zipo kasoro: Landsat 7 iliharibikiwa na kifaa kimoja Mei 2003, na tangu hapo picha zake zina mikwaruzo myeusi ya mshazari, na kwa miaka ya 80 na 90 Afrika ina mapengo mengi, maana vituo vya kupokea data vilikuwa vichache. Hata hivyo, kilichopo kinatosha kukutoa machozi.

Lusu ipo pale ilipo kwa sababu ya jiolojia ya zamani mno. Nchi hii yote imekaa juu ya kratoni ya Tanzania, bamba la miamba lenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Sehemu kubwa ni itale, lakini ndani yake kuna mikanda ya miamba ya kijani, mabaki ya volkano za kale, na ndiyo yenye dhahabu. Nzega ina ukanda wake. Matuta ya miamba ya chuma yenye mistari husimama juu ya nchi kwa sababu ni magumu kuliko jirani zake, na unayafuata kwa jicho kwenye picha hadi yanapozama chini ya mashamba.

Ukiwasha ramani ya miinuko ndipo utashika kichwa. Elekea mashariki, pita Igunga, shuka Wembere. Uwanda ule ni bapa kama meza. Kisha ghafla, upande wa Iramba, ukuta! Ni Sekenke. Kila aliyesafiri kwa basi kati ya Mwanza na Dar es Salaam anaufahamu mlima Sekenke, namna gari linavyonguruma likiupanda. Wangapi tunajua kwamba tunapanda ukingo wa Bonde la Ufa, mkono wa mashariki unaofifia ukielekea kwetu? Kwenye ramani ya kivuli huhitaji kuambiwa. Unauona.

Na Bonde la Ufa halijalala. Julai 2007 matetemeko yalitikisa kusini mwa Ziwa Natron kwa wiki kadhaa. La tarehe 17 lilikuwa la ukubwa wa 5.9. Setilaiti za rada, Envisat ya Ulaya na ALOS ya Japani, zililinganisha mwangwi wa kabla na wa baada, zikaona ardhi ya mlima Gelai imezama kwa makumi ya sentimita. Kilichotokea ni kwamba magma ilipasua miamba chini kwa chini bila kufika juu. Wiki chache baadaye mlima Ol Doinyo Lengai ukalipuka kwa kishindo. Ardhi ilikuwa imesogea kiasi ambacho mtu aliyesimama juu yake asingeweza kukipima kwa macho. Chombo kilicho mamia ya kilomita angani kiliona.

Rada inastahili makala yake yenyewe, lakini siwezi kunyamaza. Setilaiti za kawaida hupiga picha kwa mwanga wa jua, kwa hiyo mawingu ya masika huzizuia. Sentinel-1 hutuma mawimbi yake yenyewe, yenye urefu wa sentimita 5 na nusu, usiku na mchana, na wingu kwake si kitu. Nikaitazama mbuga ya mzee kwa rada, mwezi wa mvua. Majaruba yakiwa yamejaa maji ni meusi tii, kwa sababu maji yaliyotulia hulitupa wimbi mbali kama kioo. Mpunga ukishika na kurefuka, wimbi hugonga maji, hugonga shina, hurudi lilikotoka, na jaruba huanza kung'aa. Unaweza kuona nani amepanda mapema na nani amechelewa! Nilipomwonyesha mzee akacheka, akamtaja mwanawe.

Na kuna chombo kipya. NISAR, kazi ya pamoja ya Marekani na India, ilirushwa Julai 30, 2025 kutoka Sriharikota. Ina sahani ya antena yenye kipenyo cha mita 12, rada mbili kwa pamoja, na moja hutumia wimbi la sentimita 24 ambalo hupenya majani ya miti na kugusa matawi, vigogo na ardhi. Fikiria miombo ya Tabora! Misitu inayoliwa na kuni za mabani ya tumbaku, ikipimwa kila siku 12, jua liwake au mvua inyeshe, bila malipo. Nasubiri kuifahamu vizuri kama mtoto anavyosubiri Idi.

Kwa manufaa ya papo kwa papo, mfano haupo mbali. Novemba 7, 2022 ukingo wa bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui, Kishapu, ulibomoka. Tope likatiririka kilomita kadhaa juu ya mashamba na makazi. Leo yeyote mwenye mtandao anaweza kuweka picha mbili kando kwa kando, ya kabla na ya baada, na kuuona ulimi wa kijivu umelala juu ya nchi ya watu, na kuupima kwa rula iliyomo humo humo kwenye kivinjari. Hiyo ndiyo nguvu ya kitu hiki: mwanakijiji, mwandishi na mkaguzi wanatazama ushahidi uleule.

Nitaje na udhaifu, kwa sababu nataka mkitumie vizuri. Kati ya Novemba na Aprili mawingu yatakukera. Chuja picha kwa asilimia ya wingu kabla hujaanza. Kiangazi moto wa porini huacha mabaka meusi, na mgeni atayadhania mbuga. Mimi mwenyewe nilikosea baka moja, mzee akanirekebisha papo hapo. Ukitaka kupakua fungu zima la data la kilomita 110 kwa 110, jiandae kwa karibu gigabaiti 1, na bando litalia. Nilikitafuta Kiswahili kwenye orodha ya lugha, sikukiona, na hilo linaniuma. Na ndugu zangu wachimbaji wadogo, mnaoshusha maduara kwa matimba na kamba, nawaambia wazi: setilaiti hizi hazioni dhahabu. Zinaona ngozi ya ardhi tu. Zitakuonyesha tuta la chuma, mpasuko ulionyooka, udongo uliobadilishwa na maji ya moto ya kale. Kisha utashika ramani za Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, GST, pale Dodoma, na kisha utatembea kwa miguu. Anayekuuzia "picha ya setilaiti yenye dhahabu" anataka fedha yako.

Hukumu yangu baada ya usiku mmoja na asubuhi moja: sijawahi kutumia kitu cha bure chenye thamani hii. Walimu wa jiografia wa Nzega, Igunga, Uyui na Tabora, kionyesheni darasani wiki hii. Maofisa ugani, nendeni nacho shambani. Nanyi mlio mijini mkiwa na wazee nyumbani, fanyeni nilivyofanya. Chagua picha ya Agosti au Septemba isiyo na wingu, weka mtazamo wa infraredi, tafuta kijiji chenu, kisha mpelekee babu au bibi na umwombe akutajie udongo wenu jina kwa jina. Uandike na tarehe. Yale ya Puge nimeshayaandika manne, na kesho mzee ameniahidi kunipeleka hadi kwenye udongo wa tano, itogolo.